Madoa ya Potwe: Siku Nane Kutoka Feri Hadi Mafia

Siku ya kwanza: Feri hadi Nyamisati

Nimechora samaki kwa miaka minane. Nimewachora kwenye hadibodi na kwenye kitambaa, wakubwa na wadogo, na wengi wao wameondoka na wageni kwenda nchi ambazo mimi sijazikanyaga. Lakini samaki wangu wote niliwatoa kwenye picha za wenzangu, na wenzangu waliwatoa kwa waliowatangulia. Mwezi wa Desemba mama mmoja muuza samaki alisimama mbele ya picha zangu pale Oysterbay, ndoo kichwani, akaitazama moja kwa muda mrefu.

"Mwanangu, huyu ni changu?"

"Ndiye, mama."

"Changu huyu hawezi kwenda. Pezi umelirudisha nyuma mno. Mkondo ukimpiga anapinduka."

Akaniaga kwa heshima zote, akaenda zake. Maneno yale yalinikaa. Kwa hiyo Januari hii nimefunga mzigo: makopo sita ya rangi, brashi, vipande viwili vya hadibodi, daftari la kuchorea, kanga mbili. Safari ni ya kisiwa cha Mafia, kumwona samaki akiwa kwake.

Nilianzia soko la Feri, Magogoni, saa kumi na moja alfajiri. Mnada ulikuwa ndiyo kwanza unachangamka, madalali wanaita bei juu ya mafungu, sakafu imelowa, mashua zinashusha. Nikachutama kando ya fungu la pono. Mtu wa bara akisikia pono anafikiria usingizi tu, kwa ule msemo wetu. Mimi nilitaka rangi yake. Kijana mwenye fungu akaniruhusu nichore, ila akanitahadharisha: "Dada, huyu unayemwona ameshapauka. Alipotoka majini alikuwa kijani na buluu, na hapa shavuni mistari ya waridi. Rangi ya samaki inakufa naye." Kisha akamgeuza, na chini ya tumbo, pale alipokuwa amelalia barafu, palikuwa pamebaki kipande cha kijani kama cha jani changa la mgomba. Kipande hicho tu. Nilikichora.

Mbagala Rangi Tatu nikapata basi. Mkuranga, Kimanzichana, mikorosho pande zote mbili. Bungu tukaiacha lami, tukashika njia ya kwenda baharini.

Njiani nilimuwaza Edward Saidi Tingatinga, ambaye sisi wachoraji tunakula kwa jina lake. Alizaliwa 1932 huko Tunduru, kusini kabisa, nchi ya mapori ya Ruvuma. Alipita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, akafanya vibarua vingi, na 1968 hivi ndipo alipoanza kuchora: vipande vya hadibodi ya dari, rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu wanayemtafuta, akafa. Hesabu miaka yake ya kazi: minne. Na katika minne hiyo aliwafundisha vijana wachache, wengi wao ndugu na jamaa, na wao ndio waliotufikisha hapa.

Tazama wanyama wake. Chui mmoja, rangi moja ya nyuma, hakuna mlima wala mawingu. Mnyama anajaza ubao mpaka mkia unakosa pa kwenda. Watu husema ni kwa sababu hakusoma shule ya uchoraji. Mimi naona sababu nyingine. Mtu aliyekulia Tunduru hamfahamu chui kama kitu cha mbali chini ya mlima. Chui ni yule aliyeko uani usiku, na akiwepo hakuna kingine unachokiona. Mimi sijakulia baharini, nimekulia Tandika, na samaki wangu wanaelea tu katikati ya buluu kama wametundikwa.

Nyamisati tumefika jioni. Nyumba ya wageni ina neti nzima, na mbu ni wengi.

Siku ya pili: Nyamisati hadi Kilindoni

Safari ya kivuko inategemea maji. Asubuhi maji yalikuwa yamekupwa, tope limelala jeusi, kaa wanatoka na kuingia. Tukangoja. Niliketi na mzee mmoja anayerudi Mafia na magunia ya mchele, tukavusha muda kwa kuangalia miti.

Hii delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na ukiwa mgeni unaona ukuta mmoja wa kijani. Mzee aliniachanisha ukuta ule. Mkoko wenyewe ndio huu wenye mizizi inayosimama kama miguu ya buibui, ndio unaotoa boriti. Mchu huu hapa, mizizi yake inatoka topeni kama penseli. Mkandaa, gome lake linatoa rangi nyekundu ya kahawia. Kule mbele ni mlilana, mafundi wanaupenda kwa mataruma, zile mbavu za mashua. Na msinzi, na mkomafi wenye matunda kama mipira. Kila alipotaja mti nilichora jani lake. Nilipomwambia kwamba kwenye picha za mjini sote tunaita mikoko na kuipaka kijani kimoja, alisikitika kwa kweli, kama mtu aliyeambiwa wanawe wote wameandikishwa kwa jina moja.

Nikamuuliza kuhusu nguva. Maji haya kati ya Rufiji na Mafia ni katika sehemu za mwisho ambako nguva bado anaonekana Tanzania. Mzee alimwona mara mbili maishani, mara zote mbili amekufa ndani ya jarife, wavu wa matundu makubwa. "Ana maziwa kama mwanamke," alisema, akainamisha macho. Sikuuliza zaidi.

Saa tano maji yakawa yamejaa vya kutosha, kivuko kikang'oa. Tukateremka na mkono wa mto, furukombe mmoja juu ya mti mkavu akitutazama, yangeyange wakiruka mbele yetu kutoka kingo hadi kingo. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kisha, bila mpaka unaoweza kuuonyesha kwa kidole, yakawa ya kijani, na baadaye buluu. Niliyachora madaraja yale ya rangi kwa haraka, mkono ukitikiswa na injini.

Kilindoni saa tisa na ushei. Mji mdogo, minazi, harufu ya dagaa wanaoanikwa.

Siku ya tatu: Kilindoni

Tumetoka baharini kumtafuta potwe, hatukumwona.

Nahodha niliyeelekezwa ni mzee wa makamo, mvuvi wa dagaa usiku na mwenye kupakia wageni mchana kwa msimu huu. Nilimwamkia, nikamweleza kazi yangu na kwamba mfuko wangu si wa kitalii. Akaniambia nitapanda kwa bei ya mwenyeji ikiwa nitakubali kukaa tezi, nyuma ya chombo, na kutosumbua. Tulizunguka ghuba kuanzia saa moja hadi saa sita. Upepo wa kaskazi ulivuma, lakini upande huu wa magharibi kisiwa chenyewe kinakinga, bahari ilikuwa shwari kama sahani. Kwa sababu hiyo pia msimu wa kumtazama potwe hapa ni kati ya Oktoba na Machi.

Potwe, au papa potwe, ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wenzetu wa pwani ya Kenya wanamwita papa shilingi, na wana kisa kwamba Mungu alipomuumba alifurahi mno akamrushia sarafu mgongoni. Hali watu wala samaki wakubwa. Anapanua mdomo, anachuja vijidudu na viduvi vya majini na dagaa.

Usiku nilikaa ufukweni kutazama taa. Mwezi umebakiza siku chache kuandama, giza ni zito, na giza ndilo wavuvi wa dagaa wanalolitaka. Taa zao zilitandaa nje kama mtaa mzima uliohamia majini. Nilihesabu hadi arobaini na kidogo nikaacha.

Siku ya nne: Kilindoni

Saa moja na nusu asubuhi mpiga mbizi wa nahodha, kijana asiyesema sana, aliyekuwa amesimama omo, mbele ya chombo, alinyoosha mkono. Hakupiga kelele. Mbele yetu maji yalikuwa yametulia kwa namna isiyolingana na maji ya jirani, na juu yake shakwe walikuwa wanadonoa. Kisha ncha ya mkia ikatoka, mbali sana na mahali nilipodhani mnyama anaishia.

Nahodha alizima injini. "Sasa shuka, mwanangu. Usimguse, usimkatie njia mbele. Kaa ubavuni, mwache yeye aamue."

Nilijifunza kuogelea Kigamboni nikiwa msichana, lakini kuingia bahari ambayo ndani yake kuna kitu hicho ni jambo jingine. Nilivaa miwani, nikashika kamba iliyofungwa ubavuni mwa mashua, nikatumbukiza uso.

Mwanzoni niliona kijani kilichojaa vumbi la nuru, yale maji yenye chakula chake. Kisha kutoka kwenye kijani kile madoa yakaanza kuja. Nasema madoa kwa sababu ndiyo niliyoyaona kabla ya mwili. Meupe yenye manjano kidogo, yamepangwa safu kwa safu kama mashimo ya bao, na kati ya safu na safu mstari mwembamba uliopauka. Yalikuja bila kitu cha kuyabeba. Baadaye ndipo mgongo wa kijivu ukatokea nyuma yake, kama mchoraji aliyeanza na madoa akamalizia na rangi ya chini, kinyume kabisa cha tunavyofundishwa.

Alikuwa na urefu wa mashua yetu. Nahodha alisema mita saba, na kwamba wengi wa hapa Kilindoni ni madume ambayo bado hayajafikia ukubwa wao wote. Kichwa ni kipana na bapa. Mdomo uko mbele kabisa, mpana kama mlango wa banda, si chini ya kichwa kama wa papa wengine. Jicho ni dogo, liko pembeni ya mdomo, na liligeuka. Lilinitazama, hilo nina hakika nalo, kisha likarudi kwenye shughuli yake. Chini ya tumbo chazo wawili walikuwa wamejibandika. Wazee wa visiwa vya kaskazini ya Lamu walikuwa wakimfunga chazo kamba mkiani na kumtumia kukamatia kasa. Hapa alikuwa abiria tu, amepumzika.

Alipita. Ubavu wake ulichukua muda mrefu kumalizika: nyufa tano za mashavu, zikifunguka na kufungana polepole, kisha pezi, kisha yale matuta marefu yanayokimbia mgongoni hadi mkiani, kisha mkia wenyewe, uliosimama wima kuliko kimo changu, ukisukuma maji upande mmoja, ukingoja, ukisukuma upande wa pili. Nilisikia msukumo wake kifuani. Kisha madoa yakarudi kwenye kijani moja moja, ya mwisho yakiwa yale ya juu ya mkia.

Nilipopanda mashuani mikono ilikuwa inatetemeka. Nilichora pale pale, maji yakidondokea karatasi, kwa sababu nilijua nikingoja nitaanza kuchora picha za wenzangu tena. Michoro kumi na moja. Mingine ni mkia tu.

Jioni nilikutana na kijana anayeshiriki kazi ya kuwahesabu potwe hawa. Alinionyesha picha kwenye simu yake: ubavu wa kushoto, nyuma ya mashavu, juu ya pezi. Pale ndipo wanapomtambua kila mmoja, kwa sababu mpangilio wa madoa ya yule si wa huyu, kama alama ya kidole. Na kompyuta inayolinganisha madoa hayo inatumia njia iliyobuniwa kwanza na wanaastronomia kulinganisha picha za nyota. Nilimwomba anieleze mara mbili. Potwe anasomwa kama anga la usiku. Akaniambia pia kwamba vifaa vya sauti walivyofungwa baadhi yao vimeonyesha kuwa wengi hawaondoki Mafia msimu ukiisha. Wanasogea tu nje kidogo na chini zaidi, watu wakadhani wamehama.

Mimi madoa nimeyapiga maisha yangu yote ya kazi. Unachovya ncha ya njiti kwenye kopo, unapiga, unachovya, unapiga. Ni kazi ya mwisho na wengi tunampa mwanafunzi aimalizie, kwa kuwa tunaiona ni pambo. Leo nimelala nikiwaza kwamba kwa mnyama huyu doa likikosea mahali, umemchora mwingine.

Siku ya tano: Utende na Chole

Daladala hadi Utende, upande wa mashariki, makao ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995 na kuwa ya kwanza ya namna yake Tanzania. (Ghuba ya potwe iko nje ya hifadhi hiyo, jambo ambalo wavuvi wengi walinitajia, kila mmoja kwa sababu yake.) Kutoka Utende nikavuka kwa mashua hadi Chole.

Chole ni kisiwa kidogo, unakizunguka kwa miguu asubuhi moja. Magofu ya enzi za Wajerumani yameshikwa na mizizi ya mikuyu hivi kwamba huwezi kusema ni mti uliobeba ukuta au ukuta uliobeba mti. Juu ya miti mikubwa wananing'inia popo wa matunda, wale wakubwa wenye uso kama wa mbwa mdogo, ndugu wa popo wa Komoro. Mchana kutwa wanagombana, wanajipepea kwa mbawa. Jua likipita nyuma ya bawa unaona vidole vyote, kama mbavu za mwavuli. Nilichora bawa moja tu, na ninalipenda kuliko michoro mingi.

Lakini kilichonishika Chole ni uwanja wa mafundi. Mashua mbili zilikuwa zinaundwa, moja ndiyo kwanza mkuku, ule mti wa chini kabisa, umelazwa, ya pili imeshavishwa mbao na inatiwa kalfati. Fundi mmoja alikuwa amechuchumaa chini ya ubavu, anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaisukuma kwenye uwazi kati ya ubao na ubao kwa patasi butu, anagonga. Sauti ya kugonga inabadilika uwazi ukishiba. Alinifanya nisikilize: bado, bado, bado, hapo. Hana karatasi yenye vipimo. Nilimuuliza anajuaje upinde wa taruma la tatu kutoka la pili, akasema analiona tayari likiwa kwenye mti, anaenda kulikata pale lilipo.

Fundi mzee kupita wote alinieleza juu ya macho. Zamani vyombo vingi vilipakwa jicho kila upande wa omo, chombo kione njia. Siku hizi wengi wanaandika jina tu, na wengine hawaandiki kitu. "Rangi ni ghali, na vijana hawaoni maana." Kisha akatazama makopo yangu. Hakusema neno, na mimi sikusema.

Siku ya sita: Chole, bamvua

Mwezi umeandama jana, bamvua imeanza, maji yanajaa na kupwa kupita kawaida. Saa nne asubuhi bahari ilikuwa imekwenda mbali mno, mwamba umebaki wazi, na wanawake walikuwa wameshatangulia na vijiti vyao vya chuma. Nilifunga kanga kiunoni nikaongozana nao.

Mama aliyenichukua alinionyesha nyumba ya pweza ambayo nilikuwa nimeipita mara tatu. Ni tundu la kawaida, lakini mbele yake palikuwa na maganda ya kaa na makombe, masafi, hayajaota kitu. "Huyu kala jana," alisema. Wale wengine wakacheka, mmoja akaitikia kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo, nami hapo ndipo nilipoielewa ile methali, baada ya kuisikia tangu utotoni. Siyo suala la bahati wala la kukaa baharini siku nyingi. Ni kujua kusoma takataka za mlangoni.

Pweza alitoka akiwa na rangi ya mwamba. Kwenye kijiti akawa mwekundu wa damu ya mzee. Akapauka akawa mweupe, madoa yakampitia mwilini kama kivuli cha wingu, akarudia wekundu. Nilikuwa na penseli mkononi, sikuchora. Mama yule akaniuliza mbona umesimama. Nikamwambia sijui nianze na rangi ipi. Akamtazama pweza, akafikiri kwa dhati. "Anza na ile aliyotoka nayo nyumbani."

Mchana nilikula naye ugali na pweza wa nazi kwake. Jioni nimerudi Kilindoni.

Siku ya saba: Kilindoni, siku ya kuchora

Niliomba kivuli cha banda la kuanikia dagaa. Nikaweka hadibodi juu ya ndoo mbili, nikapaka rangi ya chini: kijani cha maji yale yenye vumbi, ambacho nilikichanganya mara nne kabla ya kukubali. Jua la Januari likaikausha upesi. Kisha mgongo wa kijivu chenye buluu, kutoka pembe hadi pembe. Nilimfanya potwe ajaze ubao mpaka mkia ukakunjwa, alivyofanya mzee wetu kwa chui wake. Mafundisho ya zamani yalinitosha pale. Kwa kweli sikuwahi kuyaelewa mpaka nilipokutana na mnyama asiyenipa nafasi ya kuona kingine.

Watoto walijaa. Baadaye nahodha akaja, mikono nyuma, akatazama kwa muda.

"Mdomo umeuweka vizuri. Wageni wanaochora humuwekea mdomo wa papa, chini. Mashavu mangapi?"

"Matano, baba."

Akahesabu kwa kidole bila kugusa. "Sawa. Na chazo umemkumbuka. Lakini hapa," akaonyesha nyuma ya mashavu, "hapa umepiga madoa kwa kujaza."

Alikuwa na haki. Michoro yangu kumi na moja haikuonyesha sehemu ile vizuri, nami nilikuwa nimepiga kwa mazoea ya mkono. Nikamtafuta yule kijana mwenye simu. Alikuwa na picha ya potwe yule yule, iliyopigwa na mashua nyingine asubuhi ile ile. Nikafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikalaza kijivu upya, nikangoja mpaka alasiri, nikaanza tena. Doa moja, natazama simu. Doa la pili, natazama simu. Kuna matatu yaliyokaa kama mafiga, na moja limejitenga chini yake, karibu na pezi. Ubavu huo peke yake ulinichukua saa tatu, na sehemu nyingine yote ya picha nusu siku. Kwa bei ya Oysterbay kazi hiyo hailipi. Nimeifanya na nitaifanya tena.

Magharibi nahodha alirudi akatazama mahali pale. Akamwita mpiga mbizi wake, yule kijana asiyesema sana. Kijana akainama, akayafuata mafiga yale matatu kwa macho, akasema, "Ndiye huyu. Huyu wa juzi."

Siku ya nane: Kilindoni

Kivuko changu ni cha kesho. Leo nahodha amenijia asubuhi na jambo lake, akilizungushazungusha kwanza kwa habari za upepo. Mashua yake ya dagaa ilikuwa juu ya mchanga, imepakwa mafuta mwezi uliopita, ubao mtupu. Alitaka kujua rangi zangu za kopo zinavumilia chumvi kiasi gani. Nikamwambia ukweli: msimu mmoja, labda na nusu, kisha utaniita. Akasema msimu mmoja unatosha.

Tukasugua ubao kwa msasa, kulia na kushoto kwa omo. Nilikuwa nimebakiza nusu kopo la nyeupe, buluu robo, njano kidogo, nyeusi ya kutosha. Nilianza na jicho, kila upande moja, dogo, la pembeni, kama nilivyoliona. Nyuma yake nyufa tano. Nahodha alitaka na madoa. Nikapiga mafiga matatu na lile lililojitenga, kisha safu zikiendelea kuelekea tezi mpaka nyeupe ikaniishia katikati ya ubavu wa kulia. Upande ule una madoa machache. Wavuvi wenzake walikuja wakabishana kama potwe anaweza kuwa hivyo, na wakakubaliana kwamba yupo mmoja anayeonekana Novemba ambaye yuko karibu hivyo hivyo.

Alasiri maji yalifika kwenye mkuku. Vijana wakajipanga ubavuni kuisukuma, taa zimeshapakiwa, mtungi wa maji, sufuria ya uji. Nahodha akawazuia kwa mkono.

"Rangi mbichi. Shikeni nyuma, huku tezi. Huku mbele mtu asiegemee."

Wakazunguka wote wakashika nyuma. Mashua ikaingia majini, jicho likitangulia.